Usiache mbachao kwa msala upitao

Katika ofisi nyingi, za umma na za biashara, ipo kompyuta moja ambayo hakuna mtu anayethubutu kuizima. Ndiyo inayotoa mishahara kila mwisho wa mwezi. Ndiyo inayohesabu ankara za maji, na ndiyo inayojua nani anadaiwa na nani amekwisha kulipa. Programu iliyomo humo iliandikwa miaka ishirini au arobaini iliyopita na fundi ambaye leo amestaafu, au amehamia kwingine, au ametangulia mbele ya haki. Watumishi wanaoitumia wanajua kitufe cha kubonyeza, lakini hawajui kinachotendeka baada ya kukibonyeza. Siku mashine hiyo itakapokataa kuwaka, watu watarudi majumbani mikono mitupu, na hapatakuwa na mtu wa kuulizwa.

Jambo tunalopenda kulizungumzia leo ni hilo la kuzihamisha programu kongwe kutoka katika lugha na mitambo ya zamani na kuzipeleka katika majukwaa ya kisasa. Yamkini baadhi ya wasomaji watadhani kwamba hayo ni mazungumzo ya mafundi, na kwamba mwananchi wa kawaida hana nafasi ndani yake. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo. Mwalimu anayengoja mshahara wake, mjane anayengoja pensheni ya marehemu mumewe na mkulima anayengoja malipo ya mazao aliyoyapeleka ghalani, wote hao wako mikononi mwa programu ambayo hawakupata kuiona. Programu hiyo ikihamishwa vizuri, hawatajua kwamba imehamishwa. Ikihamishwa vibaya, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kujua.

Kwanza yafaa tueleze ukongwe wenyewe ni wa namna gani. Lugha ya COBOL ilibuniwa nchini Marekani mwaka 1959, kwa kutegemea sana kazi ya bibi mmoja mashuhuri, Grace Hopper, aliyeamini kwamba programu za biashara ziandikwe kwa maneno yanayosomeka, si kwa alama za mahesabu peke yake. Lugha hiyo ingali ikifanya kazi katika mabenki na idara za serikali za mataifa makubwa. Mwezi wa Aprili 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipokuwa umewaachisha watu wengi kazi, Gavana Phil Murphy wa jimbo la New Jersey alisimama mbele ya umma akaomba wajuzi wa COBOL wajitolee kusaidia, kwa sababu jimbo lake lilikuwa likitegemea mitambo ya zaidi ya miaka arobaini. Basi ikiwa nchi tajiri kama ile imefika mahali pa kuwatafuta wastaafu kwa tangazo, sembuse sisi?

Katika ofisi za wastani hali si tofauti, ila majina ndiyo yanayobadilika. Kampuni ya Microsoft ilitoa Visual Basic 6 mwaka 1998, na mafundi wengi duniani wakaandikia kwa lugha hiyo programu za maduka, za maghala, za hospitali na za vyama vya akiba. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ikaleta jukwaa jipya liitwalo .NET, na tarehe 8 Aprili 2008 ikaacha kabisa kukihudumia chombo cha kuandikia programu za Visual Basic 6. Lugha nyingine iliyopendwa sana na wahasibu, Visual FoxPro, ilitoa toleo lake la mwisho mwaka 2004, na huduma zake zikakoma Januari 2015. Ajabu ya mambo haya ni kwamba programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha hizo bado zinawaka na kufanya kazi. Huko kuwaka kwenyewe ndiko kunakotudanganya.

Mbele ya jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, "Maadamu inafanya kazi, iacheni." Kundi la pili husema, "Ya kale yote ni takataka. Tupeni, mkanunue mpya." Kwa maoni yetu makundi yote mawili yamekosea, na kosa la moja huzaa kosa la jingine.

Tuanze na wale wasemao iacheni. Ni kweli kwamba programu haioti kutu kama bati, wala haili mafuta. Lakini vitu vinavyoizunguka huchakaa. Mashine ya aina ile haiuzwi tena. Mlango wa usalama ukivunjwa na wezi wa siku hizi, hakuna kiwanda kitakacholeta kitasa kipya. Sheria ya kodi ikibadilishwa, hakuna mkono wa kuigeuza programu. Na lililo zito kupita yote, ujuzi uliomo kichwani mwa binadamu hauna akiba: mwenye nao akiondoka, ameondoka nao. Kila mwaka tunaosema "iacheni" ni mwaka mmoja tunaopunguza idadi ya watu wanaoweza kutueleza programu ile inafanya nini na kwa nini.

Sasa tuwageukie wale wasemao tupeni. Hao husahau kwamba programu iliyofanya kazi miaka thelathini si mashine tu; ni kitabu cha sheria za ofisi ile. Ndani yake mna kanuni ambazo hazikuandikwa mahali pengine popote: kwamba posho ya aina fulani isikatwe kodi, kwamba mteja wa zamani apewe siku kumi zaidi, kwamba namba ya wilaya fulani isomwe kwa namna yake kwa sababu mipaka ilibadilishwa zamani. Mtu akitazama maandishi yale huona fujo. Lakini kila fundo katika fujo ile lilifungwa kwa sababu ya siku moja ambayo mtu mmoja alilipwa vibaya akaja kulalamika dirishani. Kuitupa programu bila kuisoma ni kuitupa hekima hiyo yote, na kuwalazimisha watu wale wale kuja tena kulalamika dirishani.

Tutoe mfano mdogo ambao hata asiye fundi ataufahamu. Katika COBOL, fundi akitumia neno ROUNDED kwa desturi yake ya kawaida, senti mbili na nusu huwa senti tatu. Katika .NET, amri ya kukadiria iitwayo Math.Round, isipopewa maelekezo mengine, huifanya senti mbili na nusu kuwa senti mbili, kwa kuwa hukimbilia namba shufwa iliyo karibu. Hapana aliyekosea hapo. Kila lugha ina desturi yake. Lakini programu ya mishahara ikihamishwa na mtu asiyejua tofauti hiyo, vitabu vya mwezi wa kwanza havitalingana, na wahasibu watakesha wakitafuta mwizi asiyekuwapo.

Mfano wa pili unahusu majina. Katika Visual Basic 6 neno Integer hubeba namba isiyozidi 32,767. Katika Visual Basic ya .NET neno lilo hilo hubeba zaidi ya bilioni mbili. Jina ni moja lakini kipimo ni mbalimbali, mithili ya pishi ya soko hili na pishi ya soko lile. Ile aina ya namba iliyoitwa Currency, iliyokuwa ikitunza fedha kwa usahihi, haimo tena katika lugha mpya. Badala yake imewekwa Decimal. Fundi mzembe akichagua Double, atakuwa amechagua namba ambazo 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hazitoi 0.3 kamili. Kwa muda Microsoft ilitoa pamoja na Visual Studio chombo cha kugeuza programu za zamani ziwe mpya, lakini katika toleo la mwaka 2010 chombo hicho kiliondolewa. Hata kilipokuwapo hakikumwondolea binadamu wajibu wa kusoma, kwa sababu mashine huweza kugeuza maneno, walakini haijui nia ya aliyeyaandika.

Wanaotaka kuona matokeo ya haraka na wautazame mkasa wa benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilitengana na benki ya Lloyds mwaka 2013, lakini iliendelea kutumia mitambo ya Lloyds. Mwaka 2015 ilinunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania, na ikaamuliwa kwamba wateja wake zaidi ya milioni 5 wahamishiwe kwenye mitambo mipya. Karibu kazi yote ikafanywa kwa mkupuo mmoja, katika mwisho wa juma moja wa Aprili 2018. Milango ilipofunguliwa, wateja milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya hesabu zao za fedha. Wengine walipofaulu kuingia waliona hesabu za watu wasiowajua. Hali haikurudi kuwa ya kawaida mpaka Desemba ya mwaka ule. Mkurugenzi mkuu akaondoka, hasara ikafika pauni milioni 330, na mwezi wa Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wakaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65.

Je, kilichokosekana kilikuwa fedha? La. Je, walikosa mafundi? La hasha. Uchunguzi uliofanywa na mawakili wa Slaughter and May, uliotangazwa Novemba 2019, ulionyesha mambo yaliyo wazi kabisa. Benki ilikuwa na vituo viwili vya kompyuta, lakini majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo wa wateja yalifanywa katika kituo kimoja tu. Tarehe ya mwisho iliwekwa kwanza, kisha kazi ikapangwa kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ile, badala ya kuuliza kazi yenyewe inataka muda gani. Na wakuu wa bodi hawakuuliza maswali yaliyowapasa kuuliza. Makosa hayo si ya kompyuta. Ni makosa ya watu walioketi mezani, na meza kama hizo zipo kila nchi.

Mkasa wa pili ni wa Australia, katika jimbo la Queensland. Programu ya mishahara ya watumishi wa afya ilikuwa imezeeka, na huduma kutoka kwa waliyoitengeneza zilikuwa zimefikia kikomo. Hofu ikawaingia wakubwa kwamba itaanguka wakati wowote. Majaribio ya programu mpya yalikwisha kuonyesha kasoro, lakini kazi ikaendelezwa, na Machi 2010 ikaanza kutumika kwa watumishi wapatao 78,000. Wauguzi na wafanyakazi wengine wakapata pungufu, wengine wakazidishiwa, wengine hawakupata chochote. Mkataba ulianza kwa bei ya dola za Australia milioni 6.19. Tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake mwaka 2013 ilikuta kwamba gharama yote ingefikia dola bilioni 1.2.

Hapa ndipo tunapoona jinsi makundi yale mawili yanavyosaidiana katika kuharibu. Anayesema "iacheni" kwa miaka mingi, siku moja huamka akakuta hana tena muda. Siku hiyo huwa yeye ndiye wa kwanza kusema "tupeni, leteni mpya kesho asubuhi." Uvivu wa jana ndio mama wa pupa ya leo. Kwa hiyo basi, dawa ya pupa ni kuanza mapema, wakati programu ya zamani ingali ikifanya kazi na wazee wake wangali hai.

Wala tusidhani kwamba madhara ya uhamisho mbaya huishia katika hesabu za mwaka mmoja. Jirani zetu wa Tanzania waliweka kompyuta yao ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Juhudi za kuzihamishia hesabu za serikali katika kompyuta zilileta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa na kuondoka, na leo nchi ile inatumia kompyuta katika kila nyanja. Hata hivyo funzo lingalipo. Kazi moja ikiharibika, imani ya watu huharibika nayo, na mlango hufungwa hata kwa wale ambao wangeifanya vizuri.

Njia iliyo salama ni ipi, basi? Mwaka 2004 Mwingereza mmoja mwandishi wa mambo ya programu, Martin Fowler, alitoa mfano wa mti aliouona katika misitu ya Queensland huko huko. Ni mti wa jamii ya mkuyu, na watu wa vijiji vyetu wanaufahamu, kwani jamii yake imo katika misitu yetu pia. Ndege hudondosha mbegu juu ya mti mkubwa. Mbegu huota panda ya tawi, mizizi yake ikateremka polepole hadi ardhini, ikauzunguka ule mti uliotangulia. Miaka ikipita, mti wa zamani hufa ndani, na ule mpya husimama kwa miguu yake wenyewe. Katika muda wote huo hapakuwa na siku moja ambayo mahali pale palikuwa patupu, bila mti.

Tunasema kwamba programu za zamani zihamishwe kwa namna hiyo. Ichukuliwe sehemu moja ndogo, kwa mfano kutoa stakabadhi, iandikwe katika jukwaa jipya, na nyingine zote ziachwe mahali pake. Sehemu hiyo ikithibitika, ifuatwe na ya pili. Ikiharibika, turudi kwa ile ya zamani ambayo bado ipo. Mwenye kuvuka mto kwa kukanyaga jiwe moja baada ya jingine huenda akachelewa, lakini akiteleza hulowa mguu mmoja tu.

Zaidi ya hayo, kwa mambo yahusuyo fedha za watu, programu mbili ziendeshwe pamoja kwa miezi kadhaa, na karatasi za malipo zilinganishwe moja moja. Kila senti isiyolingana itafutiwe sababu yake. Na hapa kuna jambo la uaminifu ambalo aghalabu halisemwi. Mara nyingine, katika kulinganisha, itaonekana kwamba mpya ndiyo iliyo sahihi na kwamba ile ya zamani imekuwa ikikosea miaka mingi. Kishawishi cha ofisi siku hiyo kitakuwa kuliiga kosa kimya kimya katika programu mpya, ili pasiwe na maswali. Sisi tunasema hapana. Ikiwa wastaafu wamepunjwa, waambiwe na walipwe. Uhamisho wa programu ni nafasi adimu ya kuvikagua vitabu upya. Haifai nafasi hiyo igeuzwe kuwa sanda ya kufunikia makosa.

Wapo watakaosema kwamba kuendesha mitambo miwili kwa pamoja ni gharama kubwa, na kwamba nchi zetu hazina fedha za kuchezea. Ni kweli kwamba ni gharama. Lakini tuwaulize: zile pauni milioni 330 zilikuwa gharama ya nini, kama si ya mkupuo mmoja? Asiye na fedha za kuchezea ndiye hasa asiyeweza kubahatisha. Tajiri akiteketeza bilioni moja huunda tume, na maisha yakaendelea. Shirika letu likipoteza hesabu za wateja wake mara moja, huenda lisiinuke tena.

Wengine watasema kwamba kazi hii wapewe wageni wenye uzoefu, nasi tukae tungoje funguo. Hatuwakatai wageni, maana ujuzi hauna kabila. Tunachokataa ni mkataba unaomwacha mwenye mali akiwa mpangaji katika nyumba yake. Mkataba wowote useme wazi kwamba maandishi ya programu ni mali ya shirika, kwamba yatakabidhiwa pamoja na maelezo yanayosomeka, na kwamba vijana wa shirika watafanya kazi bega kwa bega na mafundi hao tangu siku ya kwanza. Vinginevyo, baada ya miaka ishirini tutakuwa tena na kompyuta isiyozimika na fundi asiyepatikana.

Na kabla ya mgeni yeyote kuitwa, aitwe kwanza mzee wa masjala. Karani yule ambaye amekaa dirishani miaka thelathini, anayejua kwa nini namba fulani huanza na sufuri na kwa nini mwezi wa Juni hufungwa kwa namna yake, ndiye kamusi ya programu ile. Akalishwe kitako na vijana wawili wenye daftari, naye asimulie kila anachokijua, nao waandike. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala jukwaa lolote la kisasa. Yahitaji adabu na muda. Lakini ikicheleweshwa hadi siku ya sherehe ya kumuaga, itakuwa imechelewa mno.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wenye madaraka katika mashirika na maofisi. Mwaka huu, si mwaka ujao, kila shirika liandike orodha ya programu linazozitegemea: ziliandikwa lini, kwa lugha gani, nani ana maandishi yake, na nani bado anazifahamu. Penye jibu la "hajulikani," hapo ndipo pa kuanzia. Achaguliwe mtu mmoja mwenye jina na mwenye kuwajibika kwa uhamisho, na apewe ruhusa ya kusema "bado hatujawa tayari" bila kuogopa kupoteza kazi yake. Tarehe ifuate kazi. Kazi isikokotwe na tarehe.

Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kupata msala mpya. Walituonya tu kwamba mbacha tunaoukalia leo, hata ukiwa umechanika pembeni, usitupwe mpaka msala mpya uwe umekwisha kutandikwa, umekaliwa, na umethibitika kuwa ni wetu.